Kizuri Hakijiuzi

Mwanzoni mwa mwaka 2011 barabara ya vumbi iendayo kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ilijaa magari hadi foleni ikawa inapimwa kwa kilomita. Ndani ya magari hayo walikuwamo wagonjwa waliotolewa wodini na ndugu zao, matajiri na maskini, viongozi wa serikali, na Wakenya waliovuka mpaka. Wote walikwenda kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi iliyochemshwa na mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu. Bei ilikuwa shilingi 500. Babu hakuwa na tangazo redioni wala bango barabarani, na hata usemaji hakuwa nao: waliomsikia akihojiwa wanakumbuka sauti ya mzee mpole asiye na haraka. Alisema tu kwamba ameoteshwa na Mungu.

Miaka hiyohiyo wizara na mashirika walikuwa wakitumia fedha nyingi kuzungumzia magonjwa yaleyale: kisukari, presha, ukimwi. Semina zilifanyika, posho zikalipwa, fulana na kofia zikagawiwa. Fulana zilipokelewa vizuri sana na zikaenda kulimiwa. Kila kampeni ilipoisha, taarifa ilihitimishwa kwa sentensi ambayo kila mwandishi wa habari wa nchi hii anaweza kuiandika akiwa amefumba macho: elimu bado inahitajika kwa wananchi.

Tuna methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huwaliwaza sana watu wenye ujumbe wa kweli usiosikilizwa, na ndiyo maana siipendi. Historia yetu ya miaka sabini hivi iliyopita inaonyesha kwamba kizuri hakijiuzi hata kidogo. Kizuri hutembezwa, na kibaya hutembezwa. Kinachotofautiana ni nani anayekitembeza. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba msemaji jukwaani humshawishi mtu mara chache mno. Anayemshawishi ni mtu wa karibu: mke, jirani, abiria wa kiti cha pembeni, mwenzake wa kwenye ngoma. Msemaji hodari ni yule anayewaachia watu hao kitu cha kushika mkononi au mdomoni ili waendelee kushawishiana baada ya yeye kuondoka.

Turudi Samunge kidogo, kwa sababu pale mitambo yote ya ushawishi ilikuwa wazi kama injini iliyofunguliwa boneti. Kwanza bei. Kwa shilingi 500 hakuna aliyeweza kusema mzee anatafuta utajiri, ingawa nauli ya kumfikia ilizidi bei ya dawa mara mia na zaidi. Nauli hiyo nayo ilifanya kazi yake: mtu aliyeuza mbuzi ili asafiri na kulala porini hatarudi nyumbani akasema amepoteza muda. Halafu kulikuwa na sharti kwamba kikombe kitolewe na mkono wa Babu mwenyewe. Jambo ambalo haliwezi kuagizwa kwa basi lina thamani zaidi ya lile linalouzwa kila duka. Lakini shahidi mkubwa kuliko wote alikuwa foleni. Aliyekuwa na mashaka alitazama mbele akaona magari elfu, akatazama nyuma akaona mengine yanakuja, na katikati yake akamwona mheshimiwa fulani akipokea kikombe mbele ya kamera. Nani angebaki na mashaka yake peke yake katika umati ule?

Wataalamu wa afya walionya kwamba wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi wasiziache. Walikuwa sahihi, na wapo walioziacha. Ila onyo lilitoka mbali, kwa lugha ya taarifa kwa vyombo vya habari, wakati ushuhuda ulitoka kwa shemeji aliyerudi jana. Tukiucheka umati ule hatutajifunza lolote, kwa kuwa njia iliyowapeleka watu Samunge ndiyo iliyotumiwa na ujumbe tunaojivunia kuliko wote katika historia ya nchi hii.

Ujumbe huo ni uhuru, na chama kilichoubeba, TANU, kilizaliwa Julai 7, 1954. Katika mwaka wake wa kwanza kilikuwa na tatizo ambalo hotuba nzuri isingelitatua. Waraka wa serikali wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wa umma kuingia katika siasa, na watumishi hao ndio waliokuwa wasomi. Kiingereza cha kiongozi wake, Nyerere, kiliwavutia wajumbe wa Umoja wa Mataifa alipokwenda New York Machi 1955, lakini Kariakoo na Ilala walihitaji kitu kingine. Kitu hicho kililetwa na Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Dar es Salaam aliyesoma miaka michache tu ya shule ya msingi, aliyekuwa akiongoza uimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alipokubali mwaka 1955 kuongoza upande wa wanawake, hakuanza kwa kuitisha mkutano wa hadhara viwanjani. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya akina mama. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi za chama.

Wanahistoria wengine husimulia jambo hili kama kisa cha kipaji cha mtu mmoja. Kipaji kilikuwapo, na aliyewahi kusikia sauti yake hawezi kubisha. Hata hivyo tuangalie alichokikuta tayari. Vikundi vya ngoma vilikuwa na viongozi wanaoheshimiwa, utaratibu wa kuchanga, sare, na mitandao ya kualikana harusini na kuzikana msibani. Mwanamke hakuulizwa kama anauelewa mkataba wa udhamini wa Tanganyika. Aliulizwa na kiongozi wa ngoma yake kama atabaki nyuma wakati wenzake wote wamekata kadi. Kadi yenyewe ilikuwa kitu cha kushika na cha kuficha, na kitu kinachofichwa hukuza imani ya anayekificha. Na kwa kuwa waraka wa 1953 uliwabana waajiriwa, ambao wengi wao walikuwa wanaume, mke wa karani aliweza kufanya kile ambacho mumewe alikiogopa. Akirudi nyumbani jioni, ni nani alikuwa akimshawishi nani?

Upande wa pili kulikuwa na gharama. Machi hiyohiyo ya 1955 Nyerere alitakiwa kuchagua kati ya ualimu wake Pugu na siasa, akaacha ualimu na mshahara wake. Watu wanaomsikiliza mgeni huwa na swali moja wasilolitamka: huyu anapoteza nini nikimkubali, na anapata nini? Mwalimu aliyeacha mshahara alikuwa amelijibu kabla hajafungua kinywa. Nadhani hapa ndipo kampeni nyingi za leo zinapoishiwa nguvu mapema. Anayetuhimiza tubane matumizi hushuka kutoka gari ambalo sote tunajua bei yake.

Baada ya uhuru, mfano unaostahili kusomwa polepole ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na Radio Tanzania waliandaa vipindi vya wiki 12 kuhusu malaria, kuhara, minyoo, kichocho na maradhi mengine yanayozuilika. Watu wapatao milioni mbili walishiriki katika vikundi vya kusikiliza, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kabla. Mwishoni inakadiriwa mamia ya maelfu ya vyoo yalikuwa yamechimbwa.

Choo si jambo jipya katika maneno ya serikali. Tangu ukoloni watu waliamriwa kuchimba vyoo, na vingi vilichimbwa kwa ajili ya macho ya bwana afya; akishapita na daftari lake, shimo linakuwa stoo ya kuni. Mwaka 1973 palikuwa na tofauti gani? Wengi wangejibu redio. Mimi nasema redio ilikuwa sababu tu ya kukaa pamoja. Kikundi kilikutana mara moja kwa wiki, kikasikiliza kipindi, mmoja akasoma sehemu ya kijitabu kwa sauti, kisha wakazungumza: nani hapa mtoto wake ameugua, maji tunachota wapi, mvua ikinyesha uchafu unaelekea upande gani. Halafu likaja swali lililobeba kampeni nzima. Sasa tutafanya nini, na nani ataanza?

Mtu akisema mbele ya majirani kumi na wawili kwamba Jumamosi atachimba, hakuna bwana afya anayehitajika. Jumatatu watapita kwake, hata kama ni kwenda kuomba moto. Kwa siku chache uwanja wenye choo kipya unakuwa wa ajabu. Baada ya mwezi uwanja usio na choo ndio unaokuwa wa ajabu. Jina la kampeni nalo lilikuwa na akili. Maneno matatu, yanatamkwa kwa pumzi moja, na hayamwambii mtu kwamba ni mchafu au mjinga. Yanamwambia yeye ni nani. Nisiifanye hadithi iwe tamu kupita ukweli, maana kuna mahali ambako sheria ndogo na faini zilisaidia kuchimba. Lakini faini peke yake ilikuwapo miaka mingi bila kuleta vyoo hivyo.

Serikali hiyohiyo, chama hichohicho, redio hiyohiyo, na karibu mwaka huohuo: Novemba 1973 Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri. Hapo ushawishi ulikuwa umeshindwa, na inafaa tuulize ulishindwaje, kwa sababu Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, lilipokelewa kwa shangwe za kweli. Vijana walitembea kwa miguu mamia ya kilomita kuliunga mkono, na Mwalimu mwenyewe akatembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Hata hivyo, hadi mwaka 1973 watu waliokuwa wakiishi katika vijiji vya ujamaa walikuwa kama milioni mbili tu. Ilipofika 1977 walihesabiwa milioni 13, baada ya Operesheni Vijiji, malori na, katika sehemu kadhaa, nyumba zilizochomwa ili wenyewe wasirudi.

Jibu la kawaida ni kwamba wakulima walikuwa wagumu. Ninakumbushia Litowa, wilaya ya Songea. Pale, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu walianzisha kijiji kwa hiari yao, wakalima pamoja, wakajenga shule yao, na vijiji vingine vikaungana nao katika Chama cha Maendeleo Ruvuma. Mtu aliyetaka kujua ujamaa unafananaje angeweza kwenda kuuona, akala ugali wake, akamuuliza mkulima mwenzake kama anajuta. Mwaka 1969 chama cha TANU kilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Tangu hapo ujamaa vijijini ulibaki na kitabu na mkuu wa wilaya. Hakukuwa na shemeji aliyerudi jana. Sijaona kosa la ushawishi kubwa kuliko hilo katika historia yetu: kumnyamazisha shahidi wako mwenyewe kwa sababu hakusubiri kibali.

Ukimwi ulileta mtihani wa namna nyingine, kwa kuwa hapa watu walitakiwa kubadili jambo ambalo hawalizungumzii mbele ya mkwe. Miaka ya mwanzo kulikuwa na mabango ya mafuvu na majeneza. Mtaa ulijibu kwa mzaha: vijana walizichukua herufi nne za Kiingereza, AIDS, wakasema maana yake ni Acha Iniue Dogodogo Siachi. Ule mzaha ulikuwa ujumbe, tena ulitengenezwa kwa ustadi kuliko mabango: mfupi, unachekesha, unampa anayeusema sifa ya ujasiri. Hofu tupu ilimwambia kijana kwamba atakufa. Mzaha ulimwambia afe kiume. Ukiwa na mashindano ya namna hiyo, fuvu halishindi.

Waganda walipata mapema kilichofaa. Serikali ya Museveni ilichukua neno la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ziro-grezingi, ufugaji wa mnyama asiyetoka zizini kwenda kurandaranda malishoni. Watu walicheka, wakaelewa, na baba akaweza kumwambia mwanawe bila kutaja jambo lenyewe. Kisha mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alirudi kutoka Sweden akasema hadharani kuwa anaugua. Alizunguka shuleni na makanisani akiwa amedhoofu, akafariki Desemba mwaka huohuo. Bango la fuvu ni mchoro wa mtu yeyote. Lutaaya alikuwa mtu waliyewahi kucheza nyimbo zake.

Kwetu, Radio Tanzania ilianza mwaka 1993 kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Dereva wa malori wa masafa marefu, Mkwaju, alikuwa na mke nyumbani aitwaye Tunu na wanawake njiani. Wasikilizaji walimwona akianguka hatua kwa hatua, na Tunu akijifunza kusimama kwa miguu yake. Kilichoufanya mchezo huu kuwa hazina kwa mchambuzi ni Dodoma. Kwa miaka miwili ya mwanzo mitambo ya Dodoma haikuurusha, hivyo watafiti wakapata eneo la kulinganisha. Sehemu zilizousikia zilionyesha ongezeko kubwa zaidi la matumizi ya uzazi wa mpango, na Dodoma nayo ilibadilika mchezo ulipoanza kusikika huko. Njia iliyopitiwa ndiyo inayonivutia. Wasikilizaji wengi walianza kuzungumza na wenzi wao. Mwanamke asiyeweza kumwambia mumewe, wewe unatuhatarisha, aliweza kusema, unamwona yule Mkwaju?

Kuanzia mwaka 2008 redio zilileta Fataki, na huyu sihitaji kumweleza sana msomaji wa Tanzania kwa sababu bado anaishi mtaani. Kabla yake, mwanamume mwenye fedha anayewafuata mabinti wa shule aliitwa buzi, naye binti alisifiwa kwa kumchuna. Neno hilo lilimfanya mzee kuwa mjinga anayeliwa, na binti kuwa mjanja. Hakuna wa kuonewa huruma, na jirani hana la kusema. Fataki ni kitu kinacholipuka mkononi mwa mtoto. Katika matangazo yale mlengwa hakuwa mzee wala binti, alikuwa mtu wa pembeni, mhudumu wa baa au mwenzake wa binti, anayeingilia kati kwa maneno na mzaha. Baada ya miezi michache, mtu kwenye kituo cha daladala aliweza kusema fataki huyo, abiria wakacheka, na bwana mwenye gari akapandisha kioo. Mahubiri mangapi yamewahi kumfanya apandishe kioo?

Mpaka hapa nimesifu, na msomaji makini atakuwa ameanza kuwa na wasiwasi. Kama kikombe cha Samunge na choo cha 1973 vimesafiri kwa barabara moja, basi barabara hiyo haijui kuchuja. Ni kweli, haijui. Kati ya 2007 na 2009 mpango wa upatu wa DECI ulienea nchini kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna. Hakuna mkulima wala muumini asiyeyajua maneno hayo. Waliovuna mwanzo walivuna kweli, fedha taslimu, wakaonekana kanisani na sokoni. Wao ndio waliowaingiza wengine, kwa nia njema, dada kwa dada. Kulikuwa na kitu cha kushika, kulikuwa na jirani, kulikuwa na neno tamu. Serikali iliusimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za wa mwisho.

Ujumbe unaotufaa na ule unaotula hutofautiana katika jambo dogo: kama msikilizaji anaachiwa njia ya kuukagua baada ya kuukubali. Aliyechimba choo aliweza kuangalia kama watoto wanaendelea kuhara. Aliyevuna DECI alihimizwa apande tena, na aliyekunywa kikombe aliambiwa shida iko katika imani yake akiona hajapona.

Wangari Maathai aliielewa hali hii kuliko wanasiasa wengi waliokuja baada yake. Alipoanzisha kazi ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977 hakuwaendea wanawake wa Kenya na hotuba juu ya mazingira. Walimwambia wana shida ya kuni, maji na chakula cha mifugo, naye akawajibu: pandeni miti. Wataalamu wa misitu walishangaa watu wasio na diploma watawezaje, na wanawake wakafundishana wao kwa wao jinsi ya kuotesha mbegu. Mwaka 1989, alipopinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kuchukua sehemu ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi, alitukanwa na wabunge; ghorofa halikujengwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na wakati huo mamilioni ya miti yalikuwa yamesimama.

Vikundi vya wanawake hao vililipwa senti chache kwa kila mche. Malipo yalitolewa baada ya mche kushika. Mche uliokufa haukulipwa.